Waya wa Njano

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu,

Kabla sijakusalimia ngoja niteme mate kwanza. Ptuu! Haya, hujambo?

Leo asubuhi kaja bwana mmoja, fundi cherehani, na mashine yake ya gemu ya tangu ujana wake, ile ya kuchomeka kaseti kwa juu. Analalamika picha imefifia, rangi zinachuruzika, mtu mwekundu wa kwenye gemu akikimbia anaacha ute nyuma yake kama konokono. Nikamwambia lete huo waya wa kwenda kwenye televisheni. Waya wenyewe wa kiwandani, mpya, ulikuja kwenye karatasi ya kung'aa iliyoandikwa "ubora wa juu". Nikaupasua. Nilichokiona humo sikumwambia hata mkaza mjomba wako, maana alikuwa anakula. Nyaya sita nyembamba kama nywele zimelala pamoja uchi, hakuna hata mmoja uliovikwa wavu wake wa shaba. Mwekundu kamlalia kijani, kijani kamlalia buluu, na nyaya za sauti zimebanwa katikati yao. Wagonjwa sita kitanda kimoja! Na kwenye kichwa cha waya, badala ya lehemu, wamemimina gundi ya moto, na ndani ya gundi kuna mguu wa mende. Mguu tu. Mende mwenyewe sijui yuko kwenye waya wa nani.

Nimenawa mikono mara tatu. Watu wanauziana uchafu na wanalala usingizi mzuri tu.

Basi, kwenye boksi hili kuna nyaya ishirini zilizotengenezwa na mtu mwenye haya. Kila rangi ina wavu wake, na kila kichwa nimekifunga mwenyewe kwa mpira mweusi wa kusinyaa kwa moto. Mwambie huyo Miwani wako, mwenye duka anayekupa meza ya kufanyia kazi, aziweke rafu ya mbele, si huko nyuma kwenye makava ya simu. Na asithubutu kufungua kichwa hata kimoja. Duka ni lake, waya ni wangu.

Usinipigie simu. Simu za siku hizi zinanong'ona, unabaki "nini? nini?" kama kasuku. Andika, uitie barua kwenye boksi tupu unapolirudisha.

Mjomba wako


Tarehe 13 Machi

Shikamoo Mjomba,

Boksi limefika salama. Barua niliisoma nikiwa nakunywa chai, na chai nikaiacha. Asante kwa mguu wa mende.

Mende wa kwangu walikuwa wazima. Juzi mama mmoja kaleta mashine ya mwanawe aliyehama, ilikuwa chini ya kabati miaka sijui mingapi. Nilipotoa skrubu ya mwisho wakamwagika mezani, wakubwa kwa wadogo. Miwani, ambaye ni mtu mpole mpaka anaudhi, alipanda juu ya kiti akabaki huko. Nimesugua ubao kwa spiriti na mswaki, mswaki nimeutupa, harufu imebaki kwenye nywele zangu. Lakini mashine inawaka.

Nyaya zako ziko rafu ya mbele na watu wanaisifu mno picha. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ameona majani kwenye gemu yake kwa mara ya kwanza, siku zote alidhani ni ukuta uliopakwa kijani.

Mjomba, nina swali, usikasirike. Zamani ethi ya sauti, ule waya wake wa kurudisha umeme, ulikuwa unaipeleka peke yake mpaka kwenye pini yake. Siku hizi ethi zote, za picha na za sauti, unazifunga kwenye donge moja la lehemu. Huoni labda tukirudi kule kwa zamani sauti itakuwa safi zaidi? Kuna wateja wana masikio makali. Na wewe mwenyewe, umepimwa masikio hivi karibuni? Nauliza tu, maana jirani hapa kafungua kliniki na anapima watu wengi wa umri wako.

Nisalimie mkaza mjomba.

Mpwa wako


Tarehe 22 Machi

Mpwa wangu,

Umesema nisikasirike, ndiyo maana nimekasirika zaidi.

Masikio yangu yana kazi gani na kliniki ya jirani yako? Mkaza mjomba wako naye kaanza, eti redio yangu inawasomea habari majirani mpaka mtaa wa pili. Naona mmekula njama.

Sasa tuongee kazi. Ethi ni njia ya umeme kurudi ulikotoka, hakuna uchawi hapo. Nilipokuwa nazitenganisha, ile ya sauti ilikuwa nyembamba, na watu wanachomoa waya kama wanang'oa magugu, ikawa inakatika. Miaka miwili iliyopita nikaziunganisha zote kwenye donge moja, zikawa imara. Na usidhani nilikurupuka. Niliwasha mashine, nikaweka skrini nyeupe tupu, kwa sababu picha ikivuja kwenye sauti, kwenye weupe ndipo inaponguruma. Hilo nilikufundisha mwenyewe. Nikabandika sikio kwenye spika. Kimya! Hata ule mvumo mdogo wa televisheni yenyewe, ambao kila televisheni inao, sikuusikia. Niambie waya gani mwingine unakupa kimya kama hicho.

Nilikushikisha chuma cha kulehemu ukiwa huna hata meno ya mbele. Sitafundishwa na wewe.

Mjomba wako


Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu,

Leo sina salamu.

Jana alipitia hapa dereva wa lori kutoka huko kwenu na waya wangu alioununua kwa Miwani. Anataka niurefushe ufike kwenye kochi. Hata kabla sijaufungua niliona ule mpira mweusi si wangu, umesinyaa upande. Nikafungua. Donge langu limechokolewa! Ethi ya sauti imekatwa kutoka kwenye donge, na mahali pake kuna waya wa njano, mwembamba, umezungushwa pembeni ya kichwa mpaka kwenye pini ya sauti. Njano! Katika maisha yangu sijawahi kununua waya wa njano. Ile ni rangi ya usaha.

Nimechefukwa mpaka chakula cha mchana kimenishinda. Umpe mtu shati lako alipige pasi, akurudishie kashonea mfuko ndani, utajisikiaje? Mtu kaingiza vidole vyake ndani ya kazi yangu, kaifunga tena, kaiuza kwa jina langu. Ule mguu wa mende ulinitia kinyaa, lakini mende angalau hakujifanya mimi.

Wewe huwezi kufanya kitu kama hicho, nimekulea kwenye meza yangu. Kwa hiyo ni Miwani. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba lehemu yenyewe ni safi, inang'aa, haina hata tone lililozidi. Kajifunzia wapi kama si kwa kukuchungulia wewe? Mimi hawa watu wapole nawajua. Niambie ni yeye. Neno moja tu.

Mjomba wako


Tarehe 15 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Miwani hajui hata upande upi wa chuma cha kulehemu ni wa moto. Mwaka jana aliushika. Tafadhali mwache.

Pengine dereva alishaupeleka waya kwa fundi mwingine njiani. Malori yanapita miji mingi, sijui. Wiki hii nimezidiwa na kazi, nitakuandikia vizuri baadaye. Nakuomba usifanye lolote mpaka uone barua yangu.

Je, waya ulimrudishia dereva? Na ule wa njano uliuacha au uliutoa?

Mpwa wako


Tarehe 24 Aprili

Mpwa wangu,

Niliomba neno moja, umeniletea malori.

Waya wa njano nimeung'oa, ethi nimeirudisha kwenye donge, dereva kaondoka na waya wake ukiwa msafi kama nilivyouzaa. Na sikukusubiri. Nimewaandikia wale wa Chama cha Wakusanyaji wa Mashine za Zamani, wanaokutana huko kwenu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao nusu yao ni wateja wa Miwani. Nimewaeleza bila kupepesa macho kwamba mwenye duka hilo ana mikono michafu, anafungua nyaya zangu, anazichokoa, kisha anaziuza kama zangu. Picha nimeambatanisha. Katibu kanijibu kwamba barua itasomwa mbele ya wote.

Hamisha meza yako pale. Sitaki damu yangu ikae chumba kimoja na mtu wa namna hiyo. Kila nikikumbuka kwamba nilimpa mkono siku ile nilipokuja, natamani nikaoge.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Shikamoo Mjomba. Naitoa kwa sababu nimeizoea.

Barua yako ilisomwa. Mimi na Miwani tulikuwa tumekaa nyuma kabisa, tumepeleka mashine ya maonyesho. Katibu alisoma yote, hata pale pa "mikono michafu", na sauti anayo. Watu wakageuka. Mwalimu mstaafu, yule aliyeona majani, akamuuliza Miwani taratibu kama ni kweli. Miwani akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Nyaya zilifunguliwa dukani kwangu, ndiyo." Hata kunitazama hakunitazama. Nami, Mjomba, nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, na nikakaa kimya kama sanduku. Tumekuwa tukiandikiana kinyaa tangu Machi, mende hivi, mende vile. Kinyaa nimekijua siku ile.

Nyaya kumi na moja zimesharudishwa. Mteja mmoja aliuweka wake kwenye kaunta kwa vidole viwili, kama soksi ya mgonjwa. Rafu ya mbele ni tupu.

Ni mimi. Waya wa njano ni wangu, nautoa kwenye vipokea sauti vya masikioni vilivyokufa. Nimefungua kila waya ulionitumia kwa miaka miwili, wote, bila kubakiza hata mmoja. Miwani alijua kwa sababu nilikuwa nafanyia mbele yake, na mimi ndiye niliyemwomba asiseme.

Nyaya zako zinanguruma, Mjomba. Nyaya nne za kwanza za donge moja niliziuza kama zilivyokuja, na wateja wote wanne wakarudi nazo siku hiyo hiyo. Picha ikiwa nyeupe, nzzzzz, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nikawasha mwenyewe, nikasikia. Nikajua ulibandika sikio kwenye spika na hukusikia kitu. Ningekuambiaje? Wewe ambaye kila simu kwako inanong'ona? Nikaona bora nifungue, nirekebishe, nifunge, uendelee kuwa wewe. Nilijiambia ndiyo heshima. Heshima gani hiyo? Nilikuwa nakuchezea kama mtoto, na wewe ulipotafuta wa kumpaka matope ukampaka mtu uliyepeana naye mkono mara moja tu, kwa sababu hukutaka kuniuliza mara mbili. Umenichefua. Nami nimejichefua. Sijui nani kamzidi mwenzake.

Usiniamini kwa mdomo. Chukua ile spika yako ya mezani isiyo na kitambaa mbele. Weka skrini nyeupe. Sikio liache, weka ncha za vidole juu ya karatasi ya spika. Anza na waya uliotoka mezani kwako, halafu chomeka huu wenye njano niliokutumia humu kwenye boksi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nitasimama pale chamani niseme ni mimi niliyefungua. Wataniuliza kwa nini. Nikisema, jina lako ulilojenga miaka thelathini linakwisha pale pale. Nisiposema, wataona namkinga tu Miwani, na duka lake linakwisha. Nijibu kabla ya hapo.

Mpwa wako


Tarehe 17 Mei

Binti yangu,

Mkaza mjomba wako ndiye anayeandika. Mwandiko utanisamehe. Yeye hajui kama naandika.

Barua yako aliisoma akaitupa kwenye ndoo ya taka. Akaitoa, akaipangusa maganda, akaisoma tena. Siku mbili alitukana. Siku ya tatu akaacha kutukana, hapo ndipo nilipoogopa. Nikamkuta kwenye chumba chake cha kazi, ile televisheni ya zamani ya chogo imewaka nyeupe pee, kaweka vidole juu ya spika, kafumba macho. Anachomoa waya huu, anachomeka ule, anarudi kwenye huu. Tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, chai imemgandia pembeni.

Kisha akaniita kwa kelele zake zile. "Unasikia nini?" Nikamwambia nasikia nzzz. "Na sasa?" Sasa sisikii. "Hiyo nzzz umeanza kuisikia lini?" Nikamwambia miaka miwili hivi. "Na hukuniambia!" Jamani, mimi ningejuaje? Nilidhani ndiyo gemu zenyewe zinavyolia.

Akakaa chini sakafuni, mtu mzima na magoti yake mabovu. Matusi yamerudi, ila safari hii anajitukana mwenyewe, na mengine siwezi kuyaandika kwa mtoto wa wifi yangu. Kumbe ziko nyaya nyingi alizowauzia watu wa hapa hapa, ambazo hazikupita kwako. Sasa anazunguka mlango kwa mlango. Mtu anafungua, hata hajakaribishwa, anamwambia, "Nipe ule uchafu niliokuuzia." Jana fundi cherehani alimkatalia, anaupenda waya wake. Wakavutana mlangoni, majirani wakatoka kutazama.

Chakula anakisukuma. Barua yako imo kwenye mfuko wa shati. Mimi sikutetei wala simtetei yeye, mlinificha wote wawili. Lakini usimwache bila neno.

Mkaza mjomba wako


Tarehe 21 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo. Mimi sijambo, ila nanuka mbele ya pua yangu mwenyewe.

Nilipochomeka waya wangu, karatasi ya spika ilikuwa inanitekenya vidole. Nilipochomeka wako, ikatulia. Nikarudia mara arobaini, nikitumaini vidole navyo vimeharibika. Miaka miwili nimekuwa nikipasua nyaya za wenzangu na kutema mate, na kazi yangu inanguruma sebuleni kwa watu. Mguu wa mende haumpigii mtu kelele sikioni.

Nimekwenda kwa daktari wa hapa. Kanivalisha vitu masikioni, kanipa kitufe, kaniandikia kwenye karatasi nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa na kitufe changu nikisubiri aanze. Akaja akanivua. Kumbe alishamaliza.

Unauliza useme au usiseme. Utasema, na hutasema kwa maneno yako. Ndani ya boksi kuna bahasha, ni barua yangu kwa Chama. Isome mwenyewe, kwa sauti kubwa, Miwani akiwa amekaa mbele na si nyuma. Imeandikwa hivi:

"Mwenye duka niliyemwita mtu wa mikono michafu hana kosa lolote. Nilimsingizia, na nilimsingizia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujipima. Nyaya zangu za miaka miwili hii zinanguruma, kwa sababu fundi wake hasikii na alikuwa hajijui. Aliyezirekebisha ni mpwa wangu, na ndiye aliyezifanya zifae kuuzwa. Fungueni vichwa vya nyaya zenu. Mwenye waya wa njano ndani asirudishe, ana waya mzima. Asiye nao arudishe kwangu, na dereva wa lori awe wa kwanza, maana wake niliuharibu kwa mikono yangu huku najisifu."

Usipunguze neno. Miwani nitakuja kumwona kwa miguu yangu, jambo hili barua haiwezi kulibeba. Kama atanifukuza, atakuwa na haki.

Na wewe, sijakusamehe, na wala usinisamehe haraka. Ulinifungia nje ya kazi yangu miaka miwili, hilo linanikera mpaka sasa hivi ninapoandika. Lakini ungeniambia siku ile ya kwanza, najijua, ningekufukuza, na leo ningekuwa bado nabandika sikio nikishangilia kimya.

Rangi yenyewe bado ni ya usaha, nisikufiche.

Kwenye boksi kuna nyaya kumi na mbili. Kila rangi ina wavu wake, lehemu nimezipitia mara mbili kwa miwani ya kukuzia. Ethi ya sauti nimeiacha inaning'inia, na vichwa sikuvifunga. Sikiliza mmoja mmoja, kisha uvifunge wewe.

Mjomba wako